Shropshire, kaunti isiyo na bahari

Wenyeji wa Shropshire, kaunti moja ya England, wanasema kilima chao cha Wrekin kililetwa pale na jitu lililodanganywa na fundi viatu. Jitu lilitoka Wales na kinyongo chake kwa meya wa mji wa Shrewsbury, likachota udongo sepeto moja, likauleta ili liuzibe mto Severn na mji mzima ughariki. Likapotea njia. Karibu na Wellington likakutana na fundi viatu anarudi kwake, gunia la viatu vibovu vya wateja begani. Jitu likauliza, Shrewsbury bado mbali? Fundi akatazama lile sepeto, akajua wateja wake wote wanakwenda kufa maji. Akamwaga gunia chini. "Mbali? Viatu hivi vyote vimeniishia soli tangu nitoke huko!" Jitu likakata tamaa, likaubwaga udongo palepale, ndio Wrekin. Kisha likajikwangua matope ya kwenye buti, na hayo yakawa kilima kidogo cha jirani kiitwacho Ercall. Fundi huyu angezaliwa huku kwetu Tanga tungemwita Abunuwasi na hadithi ingekwisha.

Wrekin yenyewe ina mita 407. Ukiwa umezoea kuitazama Usambara kutoka Muheza utauliza mlima uko wapi, maana Amani peke yake iko juu zaidi ya mara mbili ya hapo. Lakini Wrekin imejitenga peke yake kwenye uwanda, huwezi kwenda popote upande ule wa kaunti usiione. Niliipanda na shemeji, mtoto mgongoni kwake, na nilishangaa kukuta vikongwe wa miaka sabini na kitu wanatupita na fimbo zao wakitusabahi.

Kwa wasionijua: mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Tanga mjini, na mdogo wangu ni muuguzi Shrewsbury. Alipojifungua nilikwenda kulea mzazi. Niliporudi kila mtu, kuanzia wauza samaki wa soko la Deep Sea hadi mkuu wangu wa shule, aliniuliza habari za London. London nimeiona kupitia dirisha la basi, mvua inanyesha. Habari ninazo za Shropshire.

Shropshire iko magharibi ya England, imepakana na Wales. Ni kaunti kubwa kuliko zote za England zisizogusa bahari, na hata hivyo ina kilomita za mraba kama 3,500 tu. Mkoa wa Tanga una zaidi ya 26,000, kwa hiyo unaingia humu mara saba na nafasi inabaki. Watu wao ni kama nusu milioni. Sisi kwa sensa ya 2022 tulikuwa milioni 2.6. Sehemu kubwa ni mashamba ya nafaka, malisho ya ng'ombe wa maziwa na kondoo. Kondoo wengi kweli. Kaskazini ni tambarare yenye maziwa madogo yaliyoachwa na barafu ilipoyeyuka, la Ellesmere ndilo maarufu. Kusini ndiko kwenye vilima. Mto Severn, mrefu kuliko yote Uingereza, kilomita 354, unatoka milima ya Wales, unakata kaunti katikati na kuiacha upande wa kusini mashariki.

Kukaa bila bahari niliona kama mzaha mwanzoni. Mdogo wangu ana changu wa kugandishwa kwenye friji, anamfuata Birmingham kama mtu anayefuata dawa.

Sasa hapa mniruhusu, kama mwalimu wa jiografia, nitambe kidogo. Kuna ukingo mrefu wa mawe ya chokaa unaitwa Wenlock Edge, umenyooka kilomita nyingi, msitu juu, malisho chini. Ukiokota jiwe lolote pale na kulitazama vizuri unaona matumbawe. Vishimo vya duara vimepangana, vipande vya kombe, vitu kama vipingili vya yungiyungi wa baharini. Mawe hayo ni mwamba wa matumbawe uliokua miaka kama milioni 425 iliyopita, wakati kipande kile cha ardhi kilikuwa chini ya bahari ya joto, isiyo na kina kirefu, kusini ya ikweta. Kusini ya ikweta! Yaani mahali penye hali kama ya mkondo wetu wa Tanga, kabla mabara hayajasogea yakaifikisha Shropshire kwenye baridi. Nimefundisha mwendo wa mabara kwa ramani ya ukutani miaka yote, wanafunzi wananitazama kwa heshima tu bila kuamini. Nilirudi na picha za jiwe lile. Nikaziweka ubaoni pamoja na picha za tumbawe la kisiwa chetu cha Toten zilizopigwa na mwanafunzi mmoja ambaye baba yake ni mvuvi, nikauliza lipi la wapi. Darasa liligawanyika nusu kwa nusu.

Mapango yetu ya Amboni nayo ni ya mawe ya chokaa, ila ni machanga zaidi, ya enzi ya Jurasiki. Nimewahi kumsikia mtembeza wageni wa pale akieleza pango kwa hadithi za mizimu na mtu aliyeingia na mbwa wasitoke, hadi mwisho bila kutaja bahari hata mara moja. Mizimu iendelee kusimuliwa, mimi siipingi. Lakini kule Shropshire wanakupa vyote viwili, jitu na sayansi, na mtu anaondoka ameshiba.

Shrewsbury penyewe pametulia. Mto umeuzunguka mji karibu duara zima, umebaki mlango mwembamba tu upande wa ngome. Madaraja mawili makuu yanaitwa la Waingereza na la Wawelshi, kila moja limeelekea upande wa wenyewe. Ndani ni nyumba za mbao nyeusi na kuta nyeupe, zimeinama mbele kama zinasikiliza mazungumzo ya barabarani, na katikati yake vichochoro vinavyokutoa mtaa huu kwenda ule. Aliyekulia Pangani hapotei. Charles Darwin alizaliwa hapo mwaka 1809, na shule aliyosoma sasa ni maktaba, sanamu yake imekaa kitini mbele ya mlango. Mto ukifurika, mtaa wa Frankwell huwekewa kuta za kuunga na kufungua, unapita mjini unaona vyuma vimesimamishwa kando ya maji, na watu wananunua mkate kama kawaida.

Kilichonikaa kifuani kiko pembeni ya mji, kwenye barabara ambayo watalii hawaipiti sana. Ni kiwanda cha zamani cha nyuzi za kitani, Ditherington, kilichojengwa mwaka 1797.

Marehemu baba alikuwa fundi wa korona kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Kwa vijana wa leo: korona ndiyo ile mashine inayomeza majani ya mkonge na kuyakwangua nyama yake, zibaki singa. Kelele yake tuliisikia kambini hata usiku tukiwa tumelala. Katika kilo 100 za majani hutoka singa kama kilo 4, zinazobaki zote ni maji na makapi ya kijani yenye harufu ambayo ukikua nayo huisikii tena. Singa zinaanikwa, zinapigwa brashi, zinashindiliwa robota. Kwa hiyo nilipoingia Ditherington na kuona maelezo ya jinsi kitani kilivyolowekwa majini shina lioze, kikakaushwa, kikapondwa, kikachanwa kwenye meno ya chuma ili nyuzi zinyooke, sikuhitaji mtu anifafanulie. Mmea ni mwingine, kitani kinatoa nyuzi kwenye shina na mkonge kwenye jani, lakini vumbi lake linaingia pafu lilelile.

Vumbi ndilo lililoleta jengo. Viwanda vya nyuzi vya wakati ule vilikuwa na sakafu na nguzo za mbao, taa za moto, na vumbi la nyuzi limetanda kila mahali. Vikiungua haibaki kitu. Charles Bage, aliyekuwa mbia katika biashara ile, akachora jengo la ghorofa tano ambalo nguzo zake na mihimili yake yote ni chuma cha kusubu, na kati ya mihimili ni matao ya matofali. Hakuna mbao ya kushika moto. Hakuna jengo duniani lililowahi kutangulia kuwa na kiunzi cha chuma kizima namna ile. Maghorofa marefu ya leo, kuanzia Chicago hadi Dar es Salaam, yanarudi kwenye wazo hilo. Nguzo zenyewe ni nyembamba, ukizikata zina umbo la msalaba, na zimenenepa kidogo katikati. Nilizishika. Zina baridi na mikwaruzo midogo ya kalibu, na rangi imezichubuka pale mikono inapofika.

Hawafichi pia kwamba kazi kubwa ilifanywa na watoto. Kuna nyumba ya wanagenzi pale pale kiwandani, watoto walioletwa kutoka nyumba za maskini wakalala hapo na kufanya kazi hapo. Nilisoma nikakumbuka manamba waliokuja mashambani kwetu kwa mikataba kutoka Songea, Kigoma na hata nje ya mipaka, ambao majina yao yamebaki kwenye vinywa vya wajukuu tu.

Kitani kilikoma 1886. Jengo likageuzwa la kuotesha shayiri ya kutengenezea bia mwaka 1897, mwaka wa jubilei ya malkia Victoria, ndiyo maana juu ya mnara kuna taji la chuma. Likafungwa 1987, likakaa miaka mingi ni la njiwa, kisha serikali na wananchi wakashikamana nalo hadi likafunguliwa tena mwaka 2022. Chini kuna maonyesho na mgahawa, juu ni maofisi. Nilikunywa chai pale, na mzee mmoja wa kujitolea akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Tanga, akasema, "Mkonge!" Babu yake alikuwa anafunga marobota ya majani makavu kwa kamba ya mkonge, na kwenye lebo imeandikwa Tanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hakuna nchi iliyotushinda kwa mkonge duniani, kwa hiyo huenda babu yake na baba yangu waliwahi kushika singa moja. Tulikaa hadi chai ikapoa.

Korona ya baba iliuzwa chuma chakavu. Shamba silitaji.

Ironbridge nadhani wengi mmewahi kuiona pichani. Ni daraja la kwanza kubwa duniani kujengwa kwa chuma, limevuka korongo la Severn kwa tao moja la mita 30 na ushee. Lilisimamishwa mwaka 1779 na kufunguliwa siku ya mwaka mpya 1781. Mchoro ni wa Thomas Farnolls Pritchard, aliyekufa kabla halijasimama, na aliyelijenga ni Abraham Darby wa tatu. Babu yake, Darby wa kwanza, ndiye aliyeyeyusha chuma kwa makaa ya koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa kwanza, huko Coalbrookdale mwaka 1709, jirani kabisa, badala ya kumaliza misitu kwa mkaa wa kuni. Kwenye lile korongo kulikuwa na makaa ya mawe, mawe ya chuma, chokaa na udongo wa mfinyanzi, na mto wa kupakia mashua. Tao moja liliamuliwa kwa sababu ya mashua hizo, zisigonge nguzo.

Nendeni karibu mtazame viungo. Mwaka ule hakuna fundi aliyekuwa na uzoefu wa kuunga vyuma vikubwa, kwa hiyo waliviunga kiseremala: ulimi unaingia kwenye tundu, kabari inashindiliwa. Tani zaidi ya 370 za chuma zimeshikana kama mlango wa nyumba ya Pangani. Na limeshika, mafuriko ya mwaka 1795 yaliharibu madaraja mengine ya mto ule, hili likabaki. Darby mwenyewe lilimwacha na madeni hadi kufa kwake, na hilo wanalisema waziwazi.

Kwenye kibanda cha ushuru kuna bango la tozo, na hapo nilisimama nikicheka peke yangu. Mtu wa miguu analipa nusu peni, sawasawa na ndama, nguruwe au kondoo. Chini yake limeandikwa kwamba daraja ni mali ya watu binafsi, hivyo kila ofisa na askari, awe kazini au asiwe, atalipa, pamoja na gari la barua na familia ya kifalme. Nimepita vizuizi vingi vya ushuru vya mazao katika maisha yangu, sijawahi kuona kimoja kinachomtoza mkubwa na kumwandikia kabisa ukutani. Magari yalizuiwa kulipita tangu 1934, leo unapita kwa miguu bure.

Korongo zima liliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1986. Makumbusho ni mengi, la vigae, la vyombo vya kaure, la tanuri la Darby, na juu ya mlima Blists Hill, mji wa maonyesho wa zama za Victoria ambako unaingia benki, unatoa pauni zako unapewa peni za kale, halafu unanunulia mshumaa kwa mtengeneza mishumaa aliyevaa kofia. Mpwa wangu mkubwa alikataa katakata kuzirudisha zilizobaki. Kiingilio si cha mchezo, mwambieni mwenyeji wenu alipie mapema.

Much Wenlock ni mji mdogo ambao utauvuka ukiwa bado unatafuta uko wapi. Lakini daktari wake, William Penny Brookes, alianzisha michezo ya Olimpiki ya Wenlock mwaka 1850, miaka 46 kabla ya ile ya Athens. Siku za mwanzo kulikuwa na mbio, kriketi, na mbio za bibi vikongwe wanaoshindania ratili ya chai. Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyekuja kuanzisha Olimpiki ya kisasa, alikuja kuitazama mwaka 1890, akaondoka na wazo. Brookes alikufa Desemba 1895, Athens ikafanyika Aprili iliyofuata. Michezo ya Wenlock ingali inachezwa kila mwaka. Hizo mbio za chai zingeletwa uwanja wetu wa Mkwakwani, nina shangazi watatu wa kuwaandikisha.

Kusini sikukaa sana. Ludlow ina ngome kubwa tangu karne ya 11, ndimo alimofia Arthur, mrithi wa kiti cha Uingereza, mwaka 1502, na mdogo wake akaja kuwa Henry wa nane, msomaji wa historia anajua yaliyofuata. Mji wenyewe unasifiwa kwa chakula. Jibini ya buluu inayoitwa ya Shropshire inauzwa kila duka, ila ilibuniwa Scotland, na muuzaji hatakwambia usipomuuliza. Long Mynd ni kilima kipana cha mita 516 chenye farasi wadogo wasiofungwa. Ulizeni njia Church Stretton. Stiperstones ni mawe meupe yaliyochongoka juu ya kilele, moja linaitwa Kiti cha Ibilisi. Ukungu ukishuka wanasema mwenyewe amekaa. Ukungu ulishuka tukiwa pale, shemeji akasema turudi, nikaona ni busara.

Wroxeter kuna magofu ya mji wa Waroma, Viroconium, mmoja wa miji mikubwa ya Uingereza ya wakati wao. Leo umebaki ukuta mmoja mrefu wa bafu uliosimama katikati ya shamba, na misingi ya vyumba. Nilifikiria Tongoni, makaburi yetu ya nguzo ufukweni na msikiti uliokaa bila paa. Tongoni inapendeza zaidi, na sisemi hivyo kwa sababu ni kwetu. Ila Wroxeter ina choo, kivuli cha kukaa, na kibao kwenye kila chumba kinachosema hapa waliogea maji ya moto, hapa ya baridi.

Kwa atakayekwenda. Treni kutoka Birmingham hadi Shrewsbury ni kama saa moja. Mabasi ya vijijini ni machache na Jumapili yanakaribia kutokuwepo, kwa hiyo pangeni mizunguko ya mbali siku za kazi. Kuna njia za miguu za umma zinazokatiza katikati ya mashamba ya watu, sheria inakuruhusu, mshale wa njano ndio unaofuata, na geti ukilifungua lifunge nyuma yako maana kondoo hawangoji. Nendeni Mei au Juni. Viatu vya kuingia matope, si raba nyeupe kama zangu.

Nimewaambia kidato cha tatu kwamba ziara ya muhula ujao haitakuwa Amboni. Mkonge uliletwa Pangani mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyonusurika safari ilikuwa 62 tu. Reli ya kwanza ya Tanganyika ilianza kujengwa mwaka huohuo kutoka bandarini hapa hapa. Wanafunzi wangu wanapita juu ya reli hiyo kwenda shule. Kuna shamba moja ambako korona bado inazunguka, na yuko mzee aliyefanya kazi na baba ambaye anaweza kuieleza kila bolti yake, akiwa na kahawa. Tutaanzia makumbusho ya Urithi kwenye boma la zamani mjini, kisha tupande basi hadi kiwandani. Kuna mzazi ameniuliza watoto wataona nini huko cha kutalii. Barua ya ruhusa imeshapelekwa kwa meneja wa shamba, na nauli ni elfu tano kwa kila mtoto, mwisho wa kulipa ni Ijumaa.